Askofu mmoja, viti viwili: namna ya kulisoma kanisa la Mtakatifu Yohane mjini Valletta

Kisiwa cha Malta kina urefu wa kilomita 27 hivi, na juu yake kuna kathedrali mbili za jimbo moja. Ukimuuliza mtu kituo cha basi kwamba Kanisa Kuu liko wapi, anaweza kukupandisha gari la kwenda Mdina, katikati ya kisiwa, au akakuonyesha minara miwili iliyo mbele yenu hapohapo Valletta, mji mkuu wa leo. Yote mawili ni majibu sahihi. Wageni wengi huchagua la Valletta kwa kuwa ndilo lililo karibu na bandari: hukata tiketi, huduwazwa na dhahabu, hupiga picha, hutoka. Dhahabu haiwaambii kitu, kwa sababu lile halikuwa kanisa la watu wote hapo mwanzo. Lilikuwa kanisa la kundi moja la watu waliojuana kwa nembo, kwa vyeo na kwa lugha, na kila kitu ndani yake kimepangwa kwa kufuata mambo hayo matatu.

Tuanze na hivyo viti. Kanisa haliitwi kathedrali kwa ukubwa wala kwa uzuri. Linaitwa hivyo kwa sababu ndani yake kuna kathedra, yaani kiti cha askofu. Kiti cha Malta kiko Mdina, mji mkuu wa zamani, na mapokeo yanakiunganisha na sura ya 28 ya Matendo ya Mitume: Paulo anavunjikiwa merikebu, anaokoka, anatambua kuwa kisiwa kinaitwa Melita, kisha anamponya baba wa Publio, mtu mkuu wa kisiwa. Wamalta husema nyumba ya Publio ilikuwa mahali palepale ilipo kathedrali ya Mtakatifu Paulo leo. Jengo la sasa si la kale kiasi hicho. Tetemeko la mwaka 1693 liliangusha sehemu kubwa ya lile la awali, na mwashi mkuu Mmalta, Lorenzo Gafà, akajenga jipya.

Valletta ina asili nyingine. Mwaka 1530 Kaisari Karolo wa Tano aliwapa kisiwa hiki watu wa Shirika la Hospitali la Mtakatifu Yohane wa Yerusalemu. Walikuwa watawa wenye nadhiri za ufukara, useja na utii, walikuwa wauguzi, na wakati huohuo walikuwa askari wa baharini. Waosmani, yaani Waturuki, walikuwa wamewatoa kisiwa cha Rhodes miaka michache kabla. Mwaka 1565 Waosmani wakawafuata Malta na kuizingira kwa mzingiro mkubwa ulioshindwa, na tarehe 28 Machi 1566 Mkuu wa Shirika, Jean de Valette, akaweka jiwe la msingi la mji mpya juu ya rasi kavu kati ya bandari mbili. Mji ukachukua jina lake. Mkuu mwingine aliyefuata baadaye, Jean de la Cassière, akatoa fedha za kujenga kanisa, na likawekwa wakfu Februari 1578.

Kanisa hilo lilikuwa mali ya Shirika, na Shirika liliwajibika kwa Papa moja kwa moja. Askofu wa Malta alikuwa na kiti chake Mdina, lakini ndani ya kuta za Mtakatifu Yohane hakuwa na mamlaka. Hali ilibadilika Juni 1798 Napoleon alipofika na meli zake akielekea Misri: Shirika likasalimu amri ndani ya siku chache na kuondoka kisiwani. Miaka miwili baadaye Wafaransa nao wakaondolewa, Waingereza wakashika nchi, na kanisa lililokuwa la watawa-askari likabaki bila mwenyewe. Ndipo, mwanzoni mwa karne ya 19, askofu akaruhusiwa kulitumia kama kiti chake cha pili bila kuliacha la Mdina. Ndiyo maana jina lake rasmi kwa Kimalta ni Kon-Katidral ta' San Ġwann, kathedrali-mwenza ya Mtakatifu Yohane. Neno hilo "mwenza" limebeba historia yote hii.

Na kwa kuwa tumegusa Kimalta, msomaji wa Kiswahili ana faida ambayo Mwingereza au Mjerumani hana. Kimalta ni tawi la Kiarabu lililoandikwa kwa herufi za Kilatini na kusemwa na Wakatoliki. Kanisa ni knisja, kasisi ni qassis, kaburi ni qabar, msalaba ni salib, kitabu ni ktieb. Kwaresima huitwa Randan, ambalo ni Ramadhani ileile. Ijumaa Kuu huitwa il-Ġimgħa l-Kbira, neno kwa neno kama tunavyosema sisi. Ukikaa Misa ya Kimalta ukatega sikio, utayadaka maneno kadhaa kabla jirani yako wa Ulaya hajadaka hata moja.

Sasa simama nje, uwanjani, utazame uso wa jengo. Hauna mapambo ya kutajika: ukuta mnene, minara miwili ya kengele, mlango mmoja, na roshani juu yake ambapo Mkuu mpya alitokeza kuonyeshwa kwa watu baada ya kuchaguliwa. Mtu aliyeizoea Italia hudhani amekosea njia. Msanifu wake, Girolamo Cassar, alikuwa mhandisi wa ngome, na kanisa lilianza kujengwa miaka saba au minane tu baada ya mzingiro ule, wakati kila mtu alitarajia Waosmani warudi. Alijenga kama alivyojua kujenga. Na ndani nako kulikuwa kutupu vivyo hivyo kwa karibu miaka 80. Dhahabu unayoiona ilikuja baadaye, miaka ya 1660, wakati ndugu wawili kutoka Mallorca, Raphael na Nicolas Cotoner, walipofuatana katika ukuu wa Shirika, na hazina ilikuwa nene.

Kabla ya kuingia kuna mambo matatu ya mwilini. Mabega na magoti yafunikwe. Kanga moja kwenye mkoba inatosha, na inafaa kuliko koti kwa joto la Julai. Viatu ndilo jambo kubwa zaidi: visigino vyembamba haviruhusiwi kabisa, na walinzi mlangoni huangalia. Sababu yake ni hesabu ya kawaida. Mtu wa kilo 60 akiegemea kisigino chenye ncha ya sentimita mraba 1, kilo zote 60 zinatua hapo. Akivaa raba, uzito uleule unasambaa kwenye sentimita mraba 100 au zaidi. Sakafu ni vipande vya marumaru vilivyopachikwa, na kipande kikipata ufa, maji ya kudekia na vumbi huingia na kukibandua polepole. La tatu ni begi kubwa la mgongoni: uliache hotelini, maana vikanisa vya pembeni ni vyembamba na kingo za nguzo zimechongwa.

Tiketi ya mtu mzima ni takriban yuro 15, ikiwa na kifaa cha kusikiliza maelezo. Angalia bei na saa kwenye tovuti ya kanisa siku moja kabla, kwa kuwa ibada kubwa hufunga mlango wa watalii. Jumapili hakuna ziara. Anayetaka kusali huingia Misa bure, lakini Misa si nafasi ya kuzunguka na simu mkononi. Saa mbaya ni kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, hasa siku ambazo meli za kitalii zimetia nanga Grand Harbour, bandari kubwa ya Valletta: watu elfu kadhaa hushuka pamoja, na wengi wao wana kanisa hili kwenye orodha. Fika mlango unapofunguliwa, au ingia alasiri ukiwa na muda wa saa mbili nzima mbele yako. Chini ya dakika 90 utatoka na shingo inayouma tu.

Ukishaingia, usitazame juu. Tazama chini kwanza, kwa sababu sakafu ndiyo itakayojaa watu baadaye, na asubuhi bado inaonekana. Ni mawe ya makaburi karibu 400, yamepangwa bega kwa bega kutoka mlangoni hadi altareni, kila moja la mtawa-askari mmoja. Kazi yenyewe watu wa pwani yetu wana neno lake hasa: ni njumu. Kama fundi wa Lamu anavyochimba mti wa kiti na kupachika pembe au mfupa, hapa fundi alichimba bamba la jiwe, akakata marumaru za rangi kwa umbo la shimo, akazigandisha, kisha akasugua zote pamoja mpaka kidole kisitambue mshono. Malta haina marumaru yake. Nyeupe, nyeusi, njano, nyekundu, zote zililetwa kwa meli.

Jiwe moja husomeka hivi. Juu kabisa au katikati pana nembo ya ukoo, na mara nyingi msalaba wa Shirika wenye ncha nane umechomoza nyuma yake. Pembeni pana bendera, mizinga au nanga ikiwa marehemu alikuwa na madaraka vitani au baharini. Malaika mwenye tarumbeta ni Sifa, anatangaza jina la mtu. Chini yake, karibu kila mara, kuna mifupa: fuvu, au kiunzi kizima cha mtu kikiwa na mundu au saa ya mchanga. Halafu maandishi ya Kilatini. D.O.M. mwanzoni ni "kwa Mungu aliye mwema na mkuu kuliko wote". HIC IACET ni "hapa amelala". OBIIT ni "alifariki". AETATIS hutangulia umri. Mwaka umeandikwa kwa tarakimu za Kirumi: ukiona MDC, ni miaka ya 1600, na MDCC ni miaka ya 1700. Ukijua hayo manne, utaweza kusoma mawe mengi bila mkalimani.

Tafuta moja ambalo kiunzi kimechorwa kizima, uchuchumae karibu. Mbavu ni vijipande vya marumaru nyeupe yenye umanjano kidogo, kila ubavu kipande chake, vimepachikwa kwenye jiwe jeusi kama usiku. Kwenye goti fundi ameacha mstari mweusi mwembamba kama uzi ili mfupa wa paja usigusane na wa mguu. Kazi hiyo ilifanywa ili ikanyagwe. Marehemu mwenyewe alitaka hivyo: nadhiri yake ilikuwa ya ufukara, na kulala chini ya nyayo za ndugu zake kulikuwa tendo la unyenyekevu, hata kama jiwe lilimgharimu fedha nyingi. Mgongano huo ndio moyo wa kanisa hili, na hawakuuficha.

Sasa vikanisa vya pembeni, ambavyo ndivyo vinavyowachanganya wageni zaidi. Shirika liligawanyika katika makundi manane yaliyoitwa "lugha", kwa kufuata nchi walikotoka watu wake: Provence, Auvergne, Ufaransa, Italia, Aragon, Uingereza, Ujerumani na Castile pamoja na Ureno. Mpangilio huo ulikuwa wa cheo, na kila lugha ilishika ofisi yake. Provence walishika hazina, Auvergne jeshi la nchi kavu, Ufaransa hospitali, Italia meli. Kanisani cheo kinapimwa kwa ukaribu na altare. Ukisimama mlango mkuu ukitazama mbele, Provence iko upande wa kushoto karibu na altare, na Auvergne inaikabili kulia. Kurudi nyuma kuelekea mlangoni, kushoto utapita Ufaransa, Italia na Ujerumani. Kulia Aragon na Castile. Kila kikanisa kina mlinzi wake: Mikaeli wa Provence, Sebastiano wa Auvergne, Paulo wa Ufaransa, Katerina wa Italia, Georgi wa Aragon, Yakobo wa Castile, na Mamajusi kwa Wajerumani. Waingereza je? Mfalme Henry wa Nane alivunja lugha yao mwaka 1540, kabla hata ya Valletta kuwapo. Kikanisa kinachoitwa cha Waingereza na Wabavaria ni cha mwisho wa karne ya 18, katika mahali palipokuwa pa kuhifadhia masalia ya watakatifu.

Kikanisa cha Aragon kinastahili muda kuliko vyote, na kwa msomaji wa Afrika Mashariki nasema hivyo kwa uzito. Humo limo kaburi la Nicolas Cotoner, kazi ya Domenico Guidi wa Roma. Juu kuna sanamu ya Mkuu, silaha zilizotekwa zimerundikwa, malaika wanampigia tarumbeta. Na chini kabisa, wakiubeba mzigo wote mgongoni, wameinama wanaume wawili: mmoja ana sura ya mtu wa Asia, na mwenzake ni Mwafrika. Hao ni watumwa. Hawakuwekwa kwa mfano wa maneno tu. Meli za Shirika zilikwenda kwa makasia, makasia yalivutwa na mateka, na Valletta ilikuwa na gereza lake la watumwa na soko lake. Utumwa ulifutwa kisiwani mwaka 1798, na Napoleon huyohuyo aliyebeba fedha ya makanisa kwenda kulipia vita. Maelezo ya kusikiliza hupita hapa upesi. Usipite upesi. Mtazame yule Mwafrika usoni, namna shingo ilivyokazwa, kisha urudi ukaitazame dhahabu ukijua imetoka wapi.

Baada ya hapo ndipo utazame juu. Dari ni upinde mmoja mrefu, umegawanywa sehemu sita, na kila sehemu ina matukio matatu ya maisha ya Yohane Mbatizaji: jumla 18. Mchoraji ni Mattia Preti, mzaliwa wa Taverna huko Calabria, naye alikuwa mwanashirika. Alifanya kazi ile kati ya 1661 na 1666. Desturi ya Italia ilikuwa kuchora kwa maji juu ya lipu mbichi, ambayo hukauka upesi na haikubali kusahihishwa. Preti alichagua rangi za mafuta juu ya jiwe lenyewe lililotayarishwa kwanza, jiwe laini la chokaa lenye rangi ya asali ambalo Wamalta huliita franka. Faida yake ni vivuli vizito. Simama katikati ya ukumbi utazame watakatifu na mashujaa walio pembeni mwa madirisha, pale upinde unapoanzia: utaapa ni sanamu zilizokaa kwenye ukingo. Sogea mpaka ukutani, uone ni rangi tupu juu ya jiwe bapa. Hasara yake ni kwamba franka hunyonya unyevu kama sifongo, na Valletta imezungukwa na bahari pande tatu. Maji yakipanda au kuvuja kutoka paani hubeba chumvi, chumvi ikifika juu hugeuka punje, na punje huisukuma rangi mpaka ibanduke. Anayeijua nyumba ya matumbawe ya Mombasa au Zanzibar ameuona ugonjwa huo kwenye lipu yake. Kuta nazo si plasta: majani, malaika na misalaba yote imechongwa hapohapo kwenye jiwe la ukuta, kisha ikafunikwa karatasi nyembamba za dhahabu. Kwa hiyo kipande kikimomonyoka hakuna cha kubandika upya. Ni ukuta wenyewe umeondoka.

Kulia mwa altare kuna kikanisa cha Bikira Maria wa Philermos chenye lango la fedha. Husimuliwa kwamba lilipakwa rangi nyeusi ili Wafaransa wasilitambue. Picha takatifu iliyokaa humo, iliyoletwa kutoka Rhodes, iliondoka na Mkuu wa mwisho mwaka 1798, ikapita Urusi, na leo iko Cetinje, Montenegro.

Acha oratorio, yaani ukumbi wa sala, mwisho. Ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 17 kwa ajili ya kufundishia wanovisi, yaani wanashirika wapya walio mafunzoni, na humo imo picha iliyowaleta wengi: Kukatwa Kichwa kwa Yohane Mbatizaji, ya mchoraji Mwitalia Caravaggio, mwaka 1608, upana zaidi ya mita 5. Wengi huingia hapa kwanza, macho yao yakiwa bado yamejaa jua, na picha ni ya giza. Ukitoka ukumbini, macho yamekwisha kuzoea. Katika chumba hichohicho imo picha yake nyingine, Mtakatifu Yeronimo akiandika, iliyoibiwa mwaka 1984 na kupatikana baadaye.

Ili picha kubwa ieleweke, tazama kwanza nusu ya kulia, ambayo haina karibu kitu: ukuta, na dirisha lenye nondo, na wafungwa wawili wananyosha shingo kuchungulia. Kisha nenda kushoto. Yohane yuko chini, mikono imefungwa nyuma. Upanga umelala sakafuni, umeshamaliza kazi yake lakini haukuimaliza vizuri, na mnyongaji anapeleka mkono nyuma ya mkanda kuchukua kisu. Msichana ameinama na sinia. Bibi mzee amejishika kichwa chake mwenyewe kwa mikono miwili, naye peke yake ndiye anayeonyesha kwamba jambo baya linatendeka. Wanovisi walikaa mbele ya picha hii wakijifunza kufa kwa ajili ya imani.

Caravaggio alifika Malta mwaka 1607 akikimbia hukumu ya kuua mtu Roma. Tarehe 14 Julai 1608 alipokewa katika Shirika. Wiki chache baadaye alikamatwa kwa ugomvi, akafungwa katika ngome ya Sant'Angelo ng'ambo ya bandari, akatoroka kwenda Sicily. Tarehe 1 Desemba wanashirika walikusanyika katika chumba hiki, chini ya picha hii, wakamfukuza bila yeye kuwapo, kama "kiungo kilichooza na kunuka".

Ni picha pekee aliyotia sahihi inayojulikana. Usiitafute kwenye kona. Fuata shingo ya Yohane mpaka damu inapotua sakafuni, kisha soma ndani ya damu yenyewe: f. Michelang, na f hiyo huchukuliwa kuwa ni "fra", ndugu, cheo alichodumu nacho miezi isiyofika mitano. Kizuizi hukuweka mbali kidogo, na herufi ni nyembamba na rangi yake ni ileile ya damu, hivyo beba darubini ndogo ya mkononi na usimame upande wa kushoto.